Nafasi ya Vidole Viwili

Katika miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumsikia Mpishi akikiri kwamba chakula chake kimeharibika. Pilau iliyoungua chini aliipakua kwa utulivu, akasema harufu ile ya moshi ni heshima kwa waliotutangulia, ambao walipikia kuni maisha yao yote. Halua ilipokataa kushika aliigawa kwa kijiko, akawaeleza wenye harusi kwamba halua laini huwekewa maharusi ambao hawajazoeana, ili waanze taratibu. Watu waliitikia kwa vichwa. Mwaka uliofuata, katika nyumba nyingine kabisa, nilimsikia mama mmoja akiagiza halua laini kwa ajili ya binti yake, "ile ya kuanzia taratibu." Nilikuwa nimekaa pembeni nikichambua mchele, na sikuona jambo lolote la kushangaza.

Tulimwita Mpishi, basi. Jina alikuwa nalo, lakini katika nyumba za wafanyabiashara zilizozunguka soko la Singida, ukisema "mwiteni Mpishi" hakuna aliyeuliza yupi. Hakuwa na hoteli wala kibanda. Alipikia shughuli: harusi, hitima, arobaini, watoto wanaotoka jandoni. Alikuja na mwiko wake mrefu ameufunga katika kanga mgongoni, kama mtu aliyebeba mtoto, na asipoukuta moto umewashwa alikaa kizingitini akageuza uso kuelekea ukutani mpaka wauwashe. Alikuwa mfupi, mwembamba wa mabega, lakini mikono yake ilionekana kuwa ya mtu mwingine, mrefu na mnene kuliko yeye. Hakuonja. Aliinamisha sikio karibu na kifuniko, akasikiliza, akasema "bado" au "epua," na mara nyingi, si mara zote, alikuwa sahihi.

Alikuwa na lugha mbili za Kiswahili na moja ya Kinyaturu. Kinyaturu alikitumia kwa wakulima wa Sepuka waliomletea uwele na kuku, akapatana nao kwa kasi na vicheko. Kiswahili chetu cha bara, kilichonyooka, kilikuwa cha kutuamrisha sisi wasaidizi. Lakini alipotaka kujisifu alihamia Kiswahili cha pwani, chenye mikunjo na "ati" nyingi, ingawa huko pwani, nijuavyo mimi, hakuwahi kukaa.

Nilianza kutumwa jikoni kwake nikiwa na miaka kama kumi, kwa kuwa ua wetu ulipakana na wake. Nilipofika sekondari nilianza kubeba daftari. Nilikuwa msichana wa kutaka kujua kila kitu kina maana gani, na yeye alikuwa mwanamke mwenye maana ya kila kitu. Kuku wa sinia la bibi harusi alifungwa mabawa lakini miguu ikaachwa wazi, kwa sababu, alisema, anakwenda kwa watu kuishi, si kufungwa. Firigisi ilifungiwa peke yake katika jani la mgomba na kuwekwa upande wa baba mkwe. Ikikosekana, wenzako wamekuona huna baba. Wali wa siku ya kwanza ya msiba haukutiwa kiungo hata kimoja. "Pua isifurahi wakati macho yanalia," aliniambia, nami nikaandika. Sahani ndogo ya asali ilikwenda kwa mama mkwe, ambaye alichovya kidole kabla ya mtu mwingine yeyote, na namna alivyokilamba kidole hicho ilisimuliwa mtaani kwa wiki nzima.

Katikati ya sinia la harusi lilikaa donge dogo la ugali wa uwele, jeusi kidogo, juu ya wali mweupe. Uwele, alieleza Mpishi, unavumilia jua la kwetu pale ambapo mahindi yanakata tamaa, na ndoa isiyojua kuvumilia jua ni ya mapambo. Nililipenda sana donge lile. Mama yangu ndiye aliyenieleza, siku moja tukisuka ukili, kwamba yeye aliolewa bila donge la uwele. Donge lilianza katika ile miaka ya foleni, sukari ilipogawiwa kwa kipimo na mchele ukawa wa kutafutwa kwa kunong'onezana. Mpishi alikuwa na kilo mbili za mchele na wageni sitini. Akapika ugali wa uwele, akatandaza wali juu yake kama shuka, ugali ukatokeza katikati, akatoka na maelezo.

"Kwa hiyo alidanganya?" nilimwuliza mama.

"Alidanganya nini? Watu walikula, bibi harusi hakuaibika. Wewe nawe na daftari lako!"

Sikuyaandika hayo. Nilitaka mila iwe ya zamani, na isiwe na mtu aliyeianzisha akiwa anatokwa jasho.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka ambayo yalikuwa na rafu tupu na sabuni za kipande yalijaa ghafla hadi vitu vikamwagika barazani: vyombo vya kung'aa, vitambaa, mabunda ya mitumba, siagi ya kopo, mafuta ya kupikia yenye picha ya mwanamke anayecheka. Baba yangu alinunua lori. Rafiki yake mmoja wa Iguguno akafunga mashine ya kukamua alizeti, na lori la baba likawa linabeba mafuta yake kwenda Arusha na kurudi na bidhaa. Nyumba yetu ilijengwa upya kwa tofali za saruji. Kila kitu kilikwenda mbio mno, na watu wazima walizungumza kama wanaochelewa gari.

Mpishi aliichukia hotpoti kuliko kitu chochote kilicholetwa na miaka hiyo. "Chombo hiki hakina mdomo," alisema akiinyanyua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Ukikifunga kimefungwa, ukikifungua kimefunguliwa. Kitakwambia nini?" Alikataa siagi ya kopo, akakataa unga wa viungo wa pakiti, akamfukuza jikoni mke wa diwani aliyekuja na vipande vya kuku wa kisasa visivyo na firigisi. Lakini soda aliipenda mapenzi ya aibu. Soda ya machungwa. Kreti likifika kwenye shughuli, alijua liliko kabla ya mwenye nyumba, na ungemkuta nyuma ya jiko ameinua chupa, amefumba macho, kanga ameivuta usoni ili wasimwone. Tulimwona, na hakuna aliyethubutu kumtania isipokuwa mama yangu.

"Dada, hiyo soda ina maana gani?"

"Ina maana nina kiu."

Jambo jingine lililowashangaza wengi ni kwamba mwanamke huyu aliyewaeleza mabibi harusi habari za ndoa kwa wali na asali alikuwa amewaacha waume wawili. Si kuachwa: aliwaacha yeye. Akiulizwa, alisema wa kwanza alipenda chumvi nyingi na wa pili hakusema chochote kuhusu chumvi.

Nimekuwa nikizunguka. Nije kwenye chungu.

Katika nyumba zetu, asubuhi ya siku ya nikahi, upande wa mwanamke ulipeleka chungu cha ukweni kwa upande wa mwanamume. Ndani yake ulikuwa wali wa kuku. Kifuniko kilizibwa pande zote kwa ukanda wa unga wa uwele uliokandwa, ukabanwa kwa kidole gumba mpaka chungu kionekane kimevaa bangili. Mama wa bwana harusi alipokipokea alipitisha kidole kuuzunguka ukanda kabla ya kuuvunja. Ukiwa mzima, maana yake wenzenu wametoa mtoto na hawana neno lililobaki. Ukiwa na nafasi, lipo neno, na chungu hakifunguliwi mpaka neno lisemwe. Maana hii hata mama yangu aliikuta; haikuwa ya miaka ya foleni. Lakini hakuna aliyepata kuiona nafasi kwa macho yake. Nafasi ilikuwa ni ya kusimuliwa tu.

Mimi niliposwa na mtoto wa yule rafiki wa Iguguno. Alikuwa kijana mpole, na sikuwa na ubaya naye. Nilichokuwa nacho ni barua. Ilifika wiki mbili baada ya posa, ya kunikubali chuo cha ualimu, na baba aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Chuo kipo, mwanangu, hakihami. Watu wa Iguguno wanataka mtu wa kukaa dukani sasa."

Nilipoulizwa mbele ya wazee kama nimeridhia, nilinyamaza, na kimya cha mwali huhesabiwa kuwa ndiyo. Barua niliiweka katikati ya daftari langu la mambo ya Mpishi, kwenye ukurasa wa kuku mwenye miguu wazi. Sikumwonyesha mtu. Naeleza haya kwa makini kwa sababu yalikuja kuninyima utulivu kwa muda mrefu.

Asubuhi ya nikahi upepo wa Singida ulikuwa ukivuma kama unavyovuma mwezi wa saba, umejaa vumbi na baridi. Baba alipita jikoni mara tatu. "Dada, chungu kizibwe vizuri. Wale ni watu wangu." Saa nne wanawake wawili walikibeba, wakavuka barabara ya mashine ya kusaga kuelekea nyumba waliyofikia wageni wetu wa Iguguno. Mimi nilikaa chumbani, hina ikiwa bado mbichi viganjani, nimeinua mikono kama mtu aliyeshikwa na askari.

Kabla ya adhuhuri chungu kilirudi.

Kililetwa na wale wale wawili, na nyuma yao shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu aliyevaa buibui jipya. Nilitazama kupitia pazia.

"Hodi wenyewe," alisema shangazi.

"Karibu, karibu sana," alijibu baba, huku macho yakiwa kwenye chungu.

"Hatukai. Hatujakifungua. Tumetumwa kuuliza tu: kuna neno lililobaki?"

"Neno gani? Sisi hatuna neno."

"Kaka, chungu kina neno. Tazama mwenyewe." Akaviingiza vidole viwili kwenye ukanda, mahali ambapo hapakuwa na unga. Viliingia vyote viwili, bila kugusa pembeni.

Kila mtu aligeuka. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja nyuma ya kanga.

"Dada," alisema baba, polepole, "umekiziba au hukukiziba?"

Mpishi alikitazama chungu. "Nimeziba panapozibwa."

"Na hapa?"

"Hapa si pangu. Mwulizeni mwenye neno."

"Nani?"

"Anayeolewa leo ni nani? Mimi?"

"Ukiolewa wewe tutakula wapi?" sauti moja ilisema, na wanawake wakacheka kwa woga. Kabla kicheko hakijaisha Mpishi alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma.

Nikaitwa. Nilitoka na hina yangu, mikono hewani. Nilisema habari ya chuo. Baba alinitazama kama mtu anayesikia ukuta ukizungumza. Shangazi akaondoka, akarudi baada ya muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, akasema mama mkwe wangu anaona ni afadhali nimesema kabla hawajala. Niende chuo, miaka miwili si mingi, duka litakaa na wifi. Mpishi alirejea, vumbi limemjaa miguuni, akakanda unga mpya, akauchanganya na maji ya mlenda ili unate, akaziba ile nafasi. Hakuniangalia. Nikahi ilifungwa baada ya sala ya alasiri.

Baba hakuzungumza na Mpishi kwa mwaka mzima. Mdogo wangu alipoolewa, chakula kilikwenda ukweni katika hotpoti nne.

Nilisoma, nikafundisha, nikasoma tena. Na popote nilipofundisha, somo likigusa mila, nilisimulia kisa cha mwanamke asiyejua kusoma aliyenisemea kwa unga wa uwele. Nilikisimulia vizuri. Wanafunzi waliweka kalamu chini. Lakini nilipokuwa peke yangu kisa hakikunitosheleza. Alijuaje? Barua aliiona lini, na nani alimsomea? Na kwa nini mtu jasiri kiasi hicho alishindwa kunitazama usoni? Kila nilipokwenda likizo Singida nilipanga kumwuliza, na kila nilipomkuta alinipa kazi ya kufanya. Baadaye alihamia Mwankoko kwa mtoto wa dada yake, mimi nikahamia Dodoma, na swali likabaki kama kijiwe ndani ya kiatu.

Nilitoka Dodoma alfajiri ya Alhamisi, siku moja kabla ya harusi ya binti yangu, nikaenda kwake. Binti yangu anafanya kazi ofisini, amesoma kunizidi, na harusi yake iliendeshwa na kamati: ukumbi, wapambaji, chakula cha kukodi kwenye vyombo vya bati vinavyowaka moto chini. Kila alichoulizwa alijibu, "Sawa tu, mama." Rangi? Sawa tu. Kuacha kazi amfuate mumewe Mwanza? Sawa tu. Nilikuwa nimeomba jambo moja, chungu kimoja cha ukweni, na kamati ikanikubalia kama watu wanaomkubalia mtoto mdogo.

Mpishi alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mbele ya shamba la alizeti zilizokomaa, vichwa vimeinama. Macho yake yalikuwa yamepungua. Ile mikono mikubwa ilikuwa bado mikubwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani? Mwenye daftari?" Akaipokea soda niliyomletea, akaibonyeza. "Siku hizi ya plastiki. Haina adabu." Akainywa.

Nikamweleza. Nikamwomba aje anizibie chungu, na aache nafasi.

"Sitoki. Miguu imestaafu. Nafasi ya nini?"

"Binti yangu hasemi, bibi. Naogopa lipo neno. Nataka umwachie nafasi kama ile uliyoniachia mimi."

Akaanza kucheka, mabega kwanza, mpaka akakohoa na mimi nikalazimika kumpigapiga mgongo.

"Mimi sikuacha nafasi," alisema alipopata pumzi. "Niliukanda ule unga nikauacha kwenye upepo, nikaenda kunywa soda ya baba yako. Nikanywa mbili. Kurudi, unga umekauka, na mlenda nimesahau kuutia. Wabebaji wamesimama. Nikabandika hivyo hivyo. Kipande kikadondoka njiani."

"Lakini ulisema..."

"Ningesema nini? Kwamba nimeshindwa kuziba chungu? Mimi?"

Nilisimama. Nilitembea hatua chache kuingia kwenye alizeti na nikarudi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilifikiria madarasa yote, kalamu zote zilizowekwa chini.

"Miaka yote hii nimewafundisha watoto wa watu kwamba ulinisemea."

"Mimi? Hata sikuwepo. Nilikimbilia barabarani kukitafuta kile kipande wasije wakakiona. Nikamkuta kuku anakidonoa pale mashineni." Akaweka chupa chini. "Ulisema nini siku ile? Sikuwahi kusikia."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Wote waliokuwepo walisikia, na wote waliosikia kisa kutoka kwangu nilikuwa nimewapa chungu, si maneno.

"Nilisema: nitaolewa, lakini barua ya chuo imekuja, na nataka nikasome kwanza."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Kwa sauti kubwa au ndogo?"

"Ndogo. Shangazi aliniambia nirudie."

"Ukarudia?"

"Nikarudia."

Alitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya sikio likiwa karibu na kifuniko. Kisha akamwita mtoto wa dada yake alete unga wa uwele, maji ya moto na mlenda. Aliukanda mwenyewe, haraka, bila kuutazama, akaukunja katika kitambaa chenye maji na kuniwekea mapajani.

"Huu utanata. Kesho ziba pande zote, usiache hata pa kupitisha sindano. Na kitambaa kisikauke."

"Na mwanangu?"

"Umeshamwuliza?"

Nilianza kukikunja upya kile kitambaa.

"Chungu changu kilikosewa mara moja," alisema Mpishi. "Mara ya pili usinitegemee." Hilo ndilo lililokuwa la karibu zaidi na kuomba radhi nililowahi kulisikia kutoka kwake.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Binti yangu alikuwa jikoni peke yake, akipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa, viganja vikiwa vyekundu kwa hina. Niliketi mbele yake. Niliuweka unga mezani kati yetu, nikanyunyizia kitambaa maji.

"Nakuuliza mimi, si kamati," nilisema. "Kuna neno lililobaki?"

Akautazama unga. Akanitazama mimi. Nikanyunyiza maji mara ya pili, ingawa kitambaa kilikuwa bado kinadondosha.

"Lipo," alisema, kwa sauti ndogo mno.

Nikamwambia arudie.